Ni nani atakayeusimamisha mkono wako?

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya walimu na wanafunzi wa sanaa za mapigano. Waliokosa kufika waliomba niiandike, nami nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Picha zilizokuwa zikioneshwa ukutani nimeziacha.

Walimu wangu, wanafunzi wenzangu, nanyi wazazi mliokuja kuona watoto wenu wanafundishwa nini: nawasalimu nyote. Nashukuru kwa nafasi hii, na nitaitumia kusema jambo ambalo kwa muda mrefu sikumwambia mtu.

Nimefanya aikido kwa miaka 17. Wasioijua nitawaeleza kwa kifupi. Mtu anakushika kifundo cha mkono, au anakujia na pigo. Hushindani na nguvu zake. Unampisha, unazunguka naye, unaupeleka mwendo wake mahali asipopatarajia, na mwisho wake yuko chini, kiungo kimefungwa, hajaumia. Anainuka, mnainamiana kwa heshima, mnaanza tena. Miaka 17, jioni tatu kwa wiki. Nilijijua hivyo.

Miaka mitatu iliyopita, baada ya miaka ile 17, nikajiunga na darasa la Krav Maga, mtindo wa kujilinda uliofundishwa jeshini Israeli. Nilitaka kujua kama ninachokijua kinafanya kazi mtu akikataa kuanguka. Jioni ya sita au ya saba tukapewa zoezi. Unasimama katikati umefumba macho. Mwenzako ana pedi mbili za kupokea mapigo mikononi, anakuzunguka kimya kimya, kisha anakusukuma kutoka upande usioujua. Ukiguswa tu, unafumbua macho na kushambulia pedi: kiganja, kiwiko, kiwiko, goti, bila kupumzika, mpaka kipenga kilie.

Mwenzangu alikuwa kijana mwepesi kuliko mimi. Aliponisukuma nikageuka, nikaanza. Nikamrudisha nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo wake ukagonga ukuta. Pedi ya kushoto ikamtoka mkononi, ikaanguka. Akainua kiganja kitupu.

Nilikiona kile kiganja. Nawaambieni ukweli wangu wote leo: nilikiona, vidole vitano vimekunjuka mbele ya macho yangu, na bado nikatupa viwiko viwili vingine. Ndipo kipenga kikalia.

Alikuwa na tone la damu kwenye mdomo wa chini. Dogo tu. Akalifuta kwa mgongo wa mkono huku akitabasamu, akaniambia safi sana. Mwalimu akanipiga begani, akasema mbele ya darasa zima: "Hivyo ndivyo! Leo umeamka."

Usiku ule sikulala. Damu haikuwa sababu. Sote hapa tumetoka damu mazoezini na tumerudi kesho yake. Sikulala kwa sababu ilikuwa tamu. Vile viwiko viwili vya mwisho, vilivyopigwa baada ya mtu kuinua mkono, vilikuwa vitamu kuliko vyote vilivyotangulia. Nikajiuliza kitandani: huyu mtu alikuwa wapi miaka 17? Alikuwa amelala? Alikuwa amefungwa? Au alikuwepo siku zote, anainama kwa heshima pamoja nami, anangoja?

Kesho yake nilitaka kuacha. Sikuacha. Na leo nimekuja kuwaeleza nilichokipata kwa kutoacha, kwa sababu najua ukumbini humu wapo wenye mashaka yale yale. Wengine mmetoka kwenye taijiquan, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, mnaingia kwenye Muay Thai, ndondi za Kithai za viwiko na magoti. Wengine mmetoka kwenye karate ya kuhesabu pointi mnaingia kwenye Kyokushin, ambako mtu hupigwa kweli kweli, mwilini na mguuni, bila glavu. Mmesikia kitu kikikataa ndani yenu, na walimu wengi wamewaambia: hiyo ni woga, itapita. Mimi nasema isipite. Msiiache ipite.

Tuchukue kwanza neno lenyewe, maana tunalichanganya. Watu wakisikia viwiko na magoti wanasema: huo mtindo ni wa kichokozi. Uchokozi ni kumwendea mtu aliyetulia. Unaweza kumchokoza mtu kwa aikido, kwa judo, hata kwa ulimi bila kuinua kidole. Wengine wanasema ni wa kikatili. Ukatili ni kumuumiza mtu ambaye hana tena la kukufanya. Lakini lugha yetu ina neno jingine: ukali. Jua ni kali. Dawa ni kali. Kisu ni kikali, na hakuna anayekilaumu kwa makali yake. Mwalimu uliyemwogopa utotoni ukamshukuru ukubwani alikuwa mkali. Na kijana akicheza vizuri, wenzake wanasema huyu ni mkali, wakimaanisha kumsifu.

Sasa rudini nami pale ukutani. Mpaka pedi inaanguka, mapigo yangu yalikuwa makali, na ndivyo zoezi lilivyotaka. Kiganja kilipoinuka, vile viwiko viwili vilivyofuata vikawa na jina jingine. Kiwiko ni kile kile. Mwili ni ule ule. Kati ya pigo na pigo, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ukali ukawa ukatili, na hakuna mtu ukumbini aliyeuona mpaka ule ukivukwa. Hata mwalimu hakuona. Alinisifu.

Hapo ndipo penye hofu yangu. Ukali siuogopi. Naogopa kwamba mlango wa ukali ukifunguliwa, ukatili unapita nyuma yake kabla sijaufunga.

Basi nikafanya kile ambacho mtu mwenye mashaka hufanya: nikarudi kuiangalia nyumba niliyotoka, ili nione nimepoteza nini. Nilidhani natoka kwenye nyumba ya upole. Mwasisi wa aikido, Morihei Ueshiba, alizaliwa mwaka 1883. Ujanani alikuwa askari katika vita vya Japani na Urusi vya 1904 na 1905. Mwaka 1915 akakutana na Sokaku Takeda, mwalimu wa Daito-ryu, jujutsu ya kukunja na kuvunja viungo, akawa mwanafunzi wake. Kabla na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifundisha kwenye vyuo vya kijeshi. Jina lenyewe la aikido lilikuja kuandikishwa rasmi mwaka 1942, naye ana karibu miaka 60. Upole ule niliouona kwenye picha zake za uzeeni, ndevu nyeupe, tabasamu, mikono laini, ulitoka kwa mtu ambaye mikono yake ilijua kuvunja.

Nami je? Mimi niliupokea upole umeshapikwa. Sikupokea kile kilichofanywa kiwe kipole. Mtu asiyejua kupiga akisema "mimi sipigi", amesema nini hasa? Amejizuia na nini?

Kuna jambo jingine, na hili linaniuma kulisema mbele ya walimu wangu wa aikido ambao nawapenda. Katika mazoezi yetu anayeangushwa amefundishwa kuanguka. Anabingirika, anapiga mkeka kwa mkono, anainuka mzima. Ni ufundi mzuri sana, na umeniokoa mara mbili kwenye ngazi zenye utelezi. Lakini maana yake ni kwamba kwa miaka 17 upole wangu ulilipiwa na mwenzangu. Yeye ndiye aliyehakikisha haumii. Mimi sikuwahi hata siku moja kulazimika kuamua: nimuumize kiasi gani, na niishie wapi? Uamuzi ule haukuwahi kuwa mikononi mwangu, na kitu ambacho hujawahi kukifanya huwezi kusema unakijua.

Msinielewe vibaya. Sijaja kuichafua aikido. Hadi leo naifanya.

Jigoro Kano, mwasisi wa judo, aliliona tatizo hili mapema sana. Mwaka 1882, kijana wa miaka 21, alianzisha Kodokan, shule ya judo, mjini Tokyo. Alichukua jujutsu ya zamani, akaziondoa mbinu za hatari zaidi kwenye mapambano huru ya mazoezi, akaacha miangusho, kushikilia chini, kabali na baadhi ya kukunja viungo. Wapo waliodhani ameilainisha. Kilichotokea ni kinyume: kwa kuondoa vinavyolemaza, aliwapa wanafunzi nafasi ya kupambana kila siku kwa nguvu zao zote dhidi ya mtu ambaye kweli hataki kuanguka. Na akawapa kitu kingine ambacho tunakizoea mno hata hatukioni. Ukikabwa, unagonga mkeka au mwili wa mwenzako kwa kiganja, naye anaachia. Papo hapo. Katikati ya nguvu zake zote, katikati ya jasho na hamu ya kushinda, anasikia viganja viwili vidogo na mikono yake inafunguka. Mcheza judo wa miaka kumi ameachia mara maelfu. Ameachia akiwa amechoka, ameachia akiwa na hasira, ameachia mtu asiyempenda.

Niulizeni mimi, mwenye mkanda mweusi na miaka 17 ya aikido, niliwahi kuachia mara ngapi mtu aliyekuwa anapigana nami kweli? Hata mara moja.

Sasa tugeukie upande wa pili, maana ningewadanganya kama ningesema wenye mtindo mkali hawana hoja. Wana hoja nzito. Imi Lichtenfeld, aliyeanzisha Krav Maga, alizaliwa Budapest mwaka 1910 na kukulia Bratislava. Alikuwa bondia, mpiga mieleka na mwanasarakasi wa viungo, mtu wa mashindano na medali. Miaka ya 1930 magenge ya kifashisti yakaanza kuvamia mitaa ya Wayahudi, naye na vijana wenzake wakatoka kuilinda. Huko akagundua kwamba mengi ya ulingoni hayasaidii. Hakuna raundi. Hakuna uzito wa kulingana. Wanakuja watatu, mmoja ana rungu. Kutoka hapo ukazaliwa mtindo ambao kujikinga na kupiga vinafanyika kwa wakati mmoja, na pigo linaelekezwa mahali panapomaliza jambo haraka. Baadaye aliufundisha jeshini Israeli. Jina Krav Maga kwa Kiebrania lina maana ya mapigano ya kugusana. Huo ni mtindo uliotengenezwa na watu waliokuwa wanawindwa. Nani atawaambia watu wale kwamba walikuwa wakali mno?

Na mwili wenyewe unaunga mkono. Hofu ya kweli ikikupata, moyo unakwenda mbio, macho yanaona mbele tu kama uko ndani ya bomba, masikio yanafifia, vidole vinatetemeka. Ile mbinu ya kukamata vidole vitatu na kuvipinda kwa pembe fulani haipo tena. Kinachobaki ni vitu vikubwa: kiganja, kiwiko, goti, kusukuma, kukimbia. Ndiyo maana mitindo hii inarudia mambo machache mara nyingi.

Lakini aliyenifunga mdomo hakuwa mwanahistoria wala daktari. Alikuwa dada mmoja wa darasani kwetu.

Huyu dada, kila alipopiga pedi, alisema "samahani". Kiganja, samahani. Goti, samahani. Sauti ndogo, haraka, kama anayepita katikati ya watu waliokaa. Mwalimu akamwambia apaze sauti badala ya kuomba radhi. Akapaza mara mbili, ya tatu akasema samahani tena. Siku moja wakati wa kunywa maji nikamweleza kile kiganja, zile usiku zisizo na usingizi, mashaka yangu yote. Nilidhani atanielewa kuliko wengine. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba aliwahi kukabwa shingo na mtu anayemfahamu, na mikono yake, hii miwili, ilikaa pembeni kama si yake. Akasema: "Kaka, wewe unaogopa utakachokifanya. Mimi naogopa nitakachoshindwa kukifanya."

Ndugu zangu, nilinyamaza. Nimenyamaza juu ya maneno yale mpaka leo. Mimi ni mtu mzito, mwenye mabega, na maishani mwangu ni wachache waliothubutu kunijia. Mashaka yangu juu ya ukali yalikuwa pia anasa ya mtu ambaye hajahitaji ukali. Kumwambia dada yule "upole ni bora" ni kumwambia akae na ile mikono iliyolala pembeni. Hana upole wa kuulinda yule. Ana woga uliofundishwa kwake tangu utotoni, ukavikwa nguo za adabu.

Kwa hiyo nimeshikwa pande zote mbili. Ukali unahitajika, na ukali umenionesha sura yangu ambayo siitaki. Nifanyeje?

Nisikilizeni hapa kwa makini, maana haya ndiyo yaliyonileta.

Tarehe 24 Machi 1962, New York, ukumbi wa Madison Square Garden. Mabondia wawili wanapigania ubingwa wa dunia wa uzito wa welta, kwa mara ya tatu kati yao: Emile Griffith, miaka 24, na Benny Paret wa Kuba, miaka 25. Kwenye kupimwa uzito Paret alikuwa amemtusi Griffith tusi la kumdhalilisha utu wake. Pambano lilioneshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Raundi ya 12, Griffith akambana Paret kwenye kona. Paret akanasa kwenye kamba, hakuweza kuanguka, na mapigo yakaja, yakaja, yakaja. Mwamuzi, Ruby Goldstein, mtu mwenye uzoefu na jina zuri, alichelewa. Alipoingia kati, Paret alikuwa ameshazimia. Hakuzinduka. Alifariki siku kumi baadaye, tarehe 3 Aprili.

Watu walimlaumu mwamuzi. Walimlaumu meneja wa Paret. Waliulaumu mchezo wenyewe. Yote yana nafasi yake. Mimi namwangalia Griffith. Aliendelea kupigana mpaka mwaka 1977, akachukua hata ubingwa wa uzito wa kati, lakini mwenyewe alisema hakupigana tena kama zamani, kwamba aliogopa kuua tena. Aliandamwa na ndoto mbaya kwa miongo. Uzeeni alikutana na mtoto wa kiume wa Paret, wakakumbatiana.

Nauliza: Griffith alifanya kosa gani kwa mujibu wa sheria za mchezo wake? Hakufanya. Alifundishwa kupiga mpaka mwamuzi aseme basi. Kazi ya kusimamisha haikuwa yake, ilikuwa ya mtu mwingine, na mtu yule alichelewa. Mimi pale ukutani nilifundishwa nini? Kupiga mpaka kipenga kilie. Ni kitu kile kile! Mkono wangu, kipenga cha mwingine. Ila Griffith angalau alikuwa na mwamuzi. Huko nje, gizani, kwenye maegesho ya magari, kwenye korido ya jengo, ni nani mwenye kipenga?

Tuna mfano wa pili, na nimeupenda kwa sababu unamwonesha mtu mmoja kwa sura mbili, usiku mmoja. Tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, Marekani, yalifanyika mashindano ya kwanza ya UFC, yanayokutanisha wapiganaji wa mitindo mbalimbali. Karibu hapakuwa na sheria: usiume, usichokonoe macho, basi. Royce Gracie, mcheza jujutsu ya Kibrazili, mwembamba kuliko wapinzani wake, alishinda yote. Kwenye nusu fainali alimkaba Ken Shamrock. Shamrock akagonga, Gracie akaachia. Mwamuzi hakuona kugonga, akataka waendelee. Shamrock mwenyewe akakiri kwamba amegonga, na mambo yakaishia hapo. Hebu litazameni tendo lile. Hakuna aliyepuliza kipenga. Mikono ya Gracie ilifunguka yenyewe, kabla ya mwamuzi kujua lolote, kwa sababu ilikuwa imefunguka hivyo mazoezini tangu utotoni.

Halafu fainali, na Gerard Gordeau. Wakiwa chini Gordeau akamng'ata sikio. Gracie akamkaba, Gordeau akagonga, na safari hii kabali haikuachiwa mara moja. Mtu yule yule. Mikono ile ile. Mafunzo yale yale ya miaka yote. Uchungu wa sikio ulitosha kuichelewesha mikono isifunguke.

Ndiyo maana siamini mtu anayeniambia "mimi najiamini, nitajua pa kuishia". Mkono uliofundishwa kuacha unaweza kuchelewa. Je, mkono ambao haujawahi kufundishwa?

Na sheria za nchi nyingi zinasema hivyo hivyo kwa lugha yao kavu. Unaruhusiwa kutumia nguvu inayohitajika, inayolingana na hatari, kwa muda ambao hatari ipo. Hatari ikiisha, ruhusa imeisha. Pigo la nne linakulinda, la tano linakupeleka kizimbani, na kati yao hakuna mstari uliochorwa sakafuni.

Nilimwendea mwalimu wangu wa Krav Maga na haya yote. Nikamwomba tuongeze zoezi la kuacha. Akakataa, na sababu yake mpaka leo naiheshimu. Akasema: "Ukimfundisha mtu kusita, umemuua." Nikarudi nyumbani, nikayazungusha maneno yale wiki nzima. Kisha nikaona kwamba yeye na mimi tunazungumzia vitu viwili. Kusita kunakuja kabla ya pigo, na kunatokana na kutokujua. Dada yule wa samahani alikuwa anasita. Kuacha kunakuja baada ya pigo, na kunatokana na kuona. Anayesita hajaona kitu bado. Anayeacha ameona kiganja.

Nilipomweleza hivyo alikuna kichwa, akasema tujaribu mwezi mmoja.

Zoezi ni rahisi kulieleza. Macho yamefumbwa, unasukumwa, unashambulia kama kawaida, kwa ukali wote, hakuna kupunguza. Tofauti ni moja: kipenga hakuna. Anayeshika pedi ndiye anayeamua. Wakati wowote anaoutaka anaweza kushusha mikono, au kupiga goti, au kugeuka kukimbia, au kuinua kiganja. Wewe unatakiwa uone. Ukiona, unaacha papo hapo, unarudi hatua mbili, mikono yako bado iko juu, unatazama mikono yake, unatazama nyuma yako kama kuna wa pili, unasema neno moja kwa sauti, unaondoka. Huachi kwa kumpa mgongo. Yapo makundi yanayojisalimisha kwa hila ili ushushe mikono. Kwa hiyo kuacha nako kuna ulinzi wake, na kunafundishika kama pigo lolote.

Na wakati mwingine anayeshika pedi hafanyi lolote kati ya hayo, anaendelea kukujia tu sekunde 30 nzima, ili usijifunze kungoja mwisho. Hilo mwalimu ndiye aliyeliongeza, na bila hilo zoezi lingekuwa bovu.

Mwanzoni tulikuwa wabaya kupita kiasi. Wiki ya kwanza mimi nilizidisha mapigo matatu, mara nyingine manne, baada ya mikono kushuka. Kijana mwepesi, yule wa kiganja, alizidisha matano, na hakuamini mpaka tulipomwonesha video. "Sikumwona," alisema. Alikuwa anamtazama usoni. Hapo ndipo nilipoelewa ni kazi kubwa kiasi gani: tulikuwa tumefundisha mikono, tukayasahau macho. Baada ya miezi nikafika pigo moja la ziada. Zipo jioni ambazo halipo kabisa. Zipo jioni, nikiwa nimetoka kazini na kero zangu, linarudi.

Na ule utamu? Walimu, vijana, siwezi kuwadanganya, haujaondoka. Uko pale pale, nausikia unavyopanda kifuani pedi inapoanza kulia. Zamani ningeuita adui. Sasa nautumia kama alama: ukianza kunoga, ndipo macho yangu yanatakiwa yafumbuke zaidi. Pale utamu unapoanza ndipo kiganja huwa karibu kuinuka.

Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alifundisha kwamba katika karate hakuna shambulio la kwanza. Maneno hayo yamechongwa kwenye jiwe la kumbukumbu yake katika hekalu la Engakuji, Kamakura. Tumebishana sana juu ya shambulio la kwanza, kwenye mikeka na nje ya mikeka. Ningependa mabishano yajayo yawe juu ya la mwisho.

Nimeongea vya kutosha. Yule dada niliyewaeleza yuko hapa leo, na ameniruhusu niseme habari zake. Ana miaka mitatu ya mazoezi sasa, na neno lile la samahani sijalisikia kinywani mwake kwa muda mrefu. Dada, karibu mbele. Namwomba pia kijana mmoja mwenye mwili aje ashike pedi. Wewe, hapo karibu na mlango, tafadhali. Vaeni kinga za meno. Wengine sogeeni nyuma kidogo, acheni nafasi, na wazazi msishtuke na kelele, atapiga kweli.

Dada, fumba macho. Kijana, mzunguke. Ukiona wakati wako umefika, shusha mikono. Usimwambie yeyote lini, hata mimi.